Viduara Nilivyovifuta

Sijui Kihindi. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka kadhaa, katika duka moja la uchapaji pale Troyeville, watu walisema kwamba nakijua, na mimi sikuwakatalia.

Nilifika Johannesburg mwaka mmoja baada ya uchaguzi ule mkubwa ulioondoa ubaguzi wa rangi, nikimfuata mke wangu. Yeye ni wa hapa. Tulikutana Morogoro alipokuwa mkimbizi wa siasa, tukaoana kule, watoto wakazaliwa kule, na nchi yake ilipofunguka akasema anarudi kwao, niamue mwenyewe. Tukapanga nyumba Bertrams, karibu na uwanja wa mpira, ambako siku ya mechi huwezi kusikia redio yako mwenyewe. Cheti changu cha kidato cha nne hakikumshtua mtu yeyote. Kilichonisaidia ni kwamba Morogoro nilikuwa mpanga herufi za risasi, vile vipande vya madini vya kuchapia, katika kiwanda kidogo cha chapa, na mwenye duka la Troyeville, Mreno mtu mzima, alikuwa ameianza kazi yake hivyohivyo ujanani. Alitoa kwenye droo kipande cha maneno yaliyopangwa kwa risasi, yamegeuka kinyume kama yalivyo kwenye kioo, akaniambia nisome. Nikasoma. Kesho yake nikaanza kazi.

Mpanga herufi hasomi, anaangalia. Jicho lake linatafuta kilichokaa vibaya: mstari uliopinda, nafasi iliyopanuka, herufi iliyoziba wino. Nimepanga vitabu vizima vya Kiingereza ambavyo mpaka leo sijui vilihusu nini, na vikatoka safi. Kompyuta zilipokuja nilizikalia na jicho hilohilo, na nilijivunia. Ukurasa ukiwa safi, mimi nilikuwa nimemaliza.

Kazi za Kihindi zilitufikia baada ya duka moja la mjini kufungwa. Mwenye duka letu akachukua wateja wake pamoja na disketi za fonti zao: kadi za harusi, ratiba za hekalu, matangazo ya misiba. Akanipa mimi kwa kuwa hakuna mwingine aliyezitaka. Mwenzangu wa kwenye mashine ya kukatia karatasi, Mkongo wa Bukavu, alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Mzee, hii ni maherufi ao ni manguo?" aliuliza. "Naona yote imetundikwa ku kamba moja."

"Ni Kihindi."

"Na wewe unasoma?"

"Najifunza."

"Ile ya mwisho inafanana na suruali. Angalia kama imekauka, wasije wakaiba."

Nilicheka, lakini tangu siku ile ndivyo nilivyoziona, herufi zinazoning'inia kwenye mstari wa juu kama nguo kwenye kamba, na kusema kweli ilinirahisishia. Nilijua ipi inaning'inia chini, ipi inakaa juu ya kamba, ipi haiwezi kusimama bila nyingine. Wateja kutoka Fordsburg na Lenasia, mitaa ya Wahindi, walipoona kadi zao hazina kosa wakaanza kuniulizia dukani: yuko wapi yule Mtanzania anayejua Kihindi? Mwenye duka alikuwa ananionyesha kwa kidole. Mimi nilikuwa natabasamu.

Fonti zile za zamani zilikuwa na ujanja fulani, na bila kuueleza nisingeeleweka. Kompyuta ya wakati ule haikujua kwamba duniani kuna Kihindi. Ilidhani unaandika herufi za Kiingereza, na fonti ndiyo iliyochora umbo la Kihindi juu ya kila moja. Ukiihamishia kazi hiyo kwenye mashine isiyo na fonti ile, maumbo yanapotea, zinabaki d na k na mabano na nukta zisizo na maana. Tena kila mtengenezaji wa fonti alipanga maumbo alivyopenda: huyu kaweka herufi fulani kwenye d, yule kwenye j. Baadaye ukaja utaratibu wa dunia nzima, Unicode, ambao ndani yake kila herufi ya kila lugha ina namba yake isiyobadilika hata ukihama mashine. Kutoa kazi kule na kuileta huku kunahitaji jedwali: umbo hili kule ni namba hii huku. Halafu unaiambia kompyuta itafute na kubadilisha, umbo moja baada ya jingine.

Mwalimu alinijia kwa ajili ya kazi hiyo. Alikuwa mama wa Kihindi wa karibu miaka themanini, mzaliwa wa Durban, amefundisha Kihindi kwenye shule za jioni karibu maisha yake yote, na sasa anaishi mtaa wa Observatory kwa mtoto wake. Alikuja na mjukuu wake, binti wa chuo kikuu, aliyemshika mkono kwa sababu macho ya Mwalimu yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho na kitu kingine ambacho daktari alisema hakipasuliwi. Mikononi alikuwa na disketi ndani ya bati la biskuti.

Tulizungumza Kiingereza, yeye chake cha Durban, mimi changu cha Morogoro. Alinieleza kwamba ndani ya disketi zile mna nyimbo ambazo kinamama wa kwao huimba kwenye harusi: za kumpaka bibi harusi manjano, za kumtania bwana harusi na ukoo wake, za kumuaga binti anapotoka kwao. Mabibi zake waliletwa Natal kutoka India kukata miwa, nao ndio waliokuja nazo vichwani. Alizikusanya kutoka kwa mama yake na mama zake wadogo, akaziandika kwenye madaftari, kisha akazichapa kwenye kompyuta jioni baada ya jioni. Madaftari aliyatupa mwenyewe alipohama Durban. Wale kinamama walikuwa wamekufa wote.

"Huyu anaolewa," alisema, akimgusa mjukuu wake begani. "Kihindi hakijui hata salamu. Lakini harusini kwake watu wataimba kutoka kwenye kitabu changu, na baadaye atakipeleka popote anapotaka na hiyo Intaneti yake."

"Bibi, si najua namaste."

"Namaste hata mzungu wa yoga anaijua. Nyamaza."

Mwalimu alikuja dukani mara kadhaa kunisaidia kutengeneza jedwali. Nilikuza herufi mpaka ikajaza skrini nzima, yeye akasogeza uso karibu na kioo, akaitaja, mimi nikaandika. Alikuwa mkali. Nikikosea alinigonga kwenye kidole kwa kalamu. Alinifundisha kwamba kuna alama moja ambayo mkono unaiandika kabla ya herufi yake ingawa mdomo unaitamka baada, na kwamba katika utaratibu mpya lazima ikae pale mdomo unapoitamka. Nilipofanikiwa kuzihamisha zote alipiga makofi, na Mkongo wangu akapiga makofi kutoka kwenye mashine yake bila kujua tunashangilia nini. Mimi nilikuwa namwita Mwalimu, kama tunavyoitana kwetu, na alipenda sana. Alisema huku watu wanamwita anti, hata wasiomjua.

Nusu ya kwanza ya nyimbo ilihama vizuri. Nilimchapia wimbo mmoja kwa herufi kubwa akausoma, na kila kitu kilikuwa mahali pake.

Nusu ya pili Mwalimu alikuwa ameichapa kwenye kompyuta ya shule ya jioni, si ya nyumbani. Fonti ilikuwa na jina lilelile, ila lilikuwa toleo jipya zaidi, na mtengenezaji wake alikuwa amehamisha baadhi ya maumbo. Hilo nililijua baadaye sana. Wakati ule niliona tu kwamba nikiendesha jedwali langu kwenye nusu ya pili, kurasa zinajaa viduara.

Viduara hivyo ni vya nukta nukta. Kompyuta inavichora yenyewe pale inapokuta alama ambayo haina herufi ya kuikalia. Ni kama mashine inakwambia: hapa palitakiwa kuwa na kitu, sikioni. Katika nusu ya kwanza sikuwa nimekiona hata kimoja. Sasa vilikuwa kila mstari, na macho yangu ya mpanga herufi yaliviona kama madoa ya wino.

Ningeweza kwenda kumuuliza. Kutoka dukani mpaka kwake ni mwendo wa kutembea, unakata Bez Valley, unapanda kilima. Lakini tarehe ya harusi ilikuwa imekaribia, mwenye duka alikuwa ananichungulia kila baada ya chakula cha mchana, na zaidi ya yote, mimi nilikuwa ndiye Mtanzania anayejua Kihindi. Nikagundua kwamba nikiifuta ile alama yenye kiduara, kiduara kinaondoka nayo na mstari unajifunga vizuri. Nikafuta kimoja. Nikafuta kingine. Nikafuta ukurasa, nikafuta nyimbo zote zilizobaki, na kila nilipomaliza ukurasa niliuhifadhi juu ya ule wa zamani, kama nilivyozoea. Mwishoni kitabu kizima kilikuwa cheupe na safi. Kama ningeziacha zile alama mahali pake, mtu mwenye akili kuliko mimi angeweza siku moja kurudi nyuma, akaona zimetoka wapi, akatengeneza jedwali la pili na kuokoa kila neno. Nilichofuta kilibaki kwenye disketi za Mwalimu tu.

Dukani kulikuwa na sheria. Hakuna kazi inayopanda kwenye mashine bila mteja kutia sahihi kwenye prufu, ile nakala ya kukagulia, na akishatia sahihi, kosa lolote ni lake. Ni sheria ya maduka yote ya chapa, na ni sheria nzuri, kwa mteja anayeona.

Nilimpelekea prufu nyumbani. Tuliketi barazani, yeye akachukua lenzi yake na ukurasa wa kwanza, akausogeza mpaka ukagusa pua. Akasoma mstari, kisha akaacha kusoma akaanza kuuimba. Akacheka peke yake. Akageuza kurasa mbili tatu za mwanzo kwa vidole, macho yakaanza kutoa machozi kwa kuchoka, akayafuta na ncha ya sari.

"Zilizobaki ziko kama hizi?" aliniuliza.

"Ziko sawa, Mwalimu."

"Zote?"

"Zote."

"Basi nionyeshe pa kutia sahihi."

Nilimshika kidole cha shahada nikakiweka juu ya mstari. Akatia sahihi, ikapanda juu kidogo ya mstari. Halafu akaniuliza disketi zake ziko wapi, nikamwambia kila kitu kimo kwenye sidii, disketi hazina kazi tena. Akasema basi zitumieni dukani kwenu. Tukazifuta tukazitumia, na nilichofuta kikakosa njia ya kurudi.

Nilialikwa harusini, mimi na mke wangu. Ukumbi ulikuwa umepambwa kwa maua ya rangi ya machungwa, na kinamama wazee wameketi chini kwenye zulia, kila mmoja na kitabu mapajani, mmoja wao na ngoma ndogo. Mwalimu alikaa kwenye kiti katikati yao kama hakimu. Wakaimba zile za mwanzo. Sijawahi kusikia watu wakisoma kitu nilichokipanga mimi kwa sauti kubwa namna ile, na mke wangu alinifinya mkono.

"Baba Watoto, hiki ndicho ulichokuwa unahangaika nacho? Kumbe kitamu."

Wakafika kwenye nyimbo za kumtania bwana harusi. Ngoma ikaanza, kinamama wakafungua midomo, na sauti zikatawanyika. Mmoja akasema hivi, mwingine vile, wakanyamaza. Ngoma nayo ikasimama. Mjukuu, ambaye baadaye aliwauliza kinamama akanieleza maneno yote ya pale, alidhani ni sehemu ya mchezo, akacheka.

"Mbona mmenyamaza?" Mwalimu aliuliza.

Mama mmoja mnene aliyekuwa karibu yake, rafiki yake tangu Durban, akasema, "Dada, hapa hapasomeki."

"Vaa miwani yako."

"Nimevaa."

"Basi vaa na ya mumeo!"

Watu wakaangua kicheko. Yule mama hakucheka. Akarudia kusoma taratibu, silabi kwa silabi, maneno ambayo hayakuwa maneno, na Mwalimu akamkatiza kwa hasira, akamwambia mbele ya ukumbi mzima kwamba hata shuleni alikuwa mvivu wa kusoma. Kisha akaanza kuimba mwenyewe. Mstari mmoja, miwili, juu ya shemeji wa bwana harusi aliyekuja na tumbo linalohitaji kiti chake peke yake. Kinamama wakaitikia kiitikio. Akafungua mdomo kwa mstari wa tatu, haukuja. Aligeuza kichwa huku na huku. Mtu mmoja mwenye busara akawasha muziki wa kaseti.

Yule rafiki yake aliondoka kabla ya chakula.

"Kuna nini?" mke wangu aliniuliza kwa Kiswahili.

"Sijui," nilimjibu.

Wiki iliyofuata mjukuu alikuja dukani na kitabu. Hakuwa na hasira. Alisema watu wanaojua kusoma wamemwambia nusu ya pili imeharibika, je, tunaweza kuirekebisha kutoka kwenye kazi ya mwanzo? Mwenye duka akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akatoa prufu, akamwonyesha sahihi.

"Ndiyo," alisema binti yule. "Bibi mwenyewe ameniambia ametia sahihi. Anasema kosa ni lake, asije mtu akawalaumu."

Mwenye duka alisema pole. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, mkono juu ya mashine ya kukunjia. Mkongo alizima ya kwake, akaniangalia, akaiwasha tena.

Jioni hiyo nilimwambia mke wangu kila kitu. Alikuwa anamenya viazi, hakuacha kumenya.

"Eish, wewe," alisema. "Mimi Morogoro nilinunua nyanya kwa Kiswahili cha kuchekesha, soko zima likanicheka. Nilikufa? Kuuliza tu, Baba Watoto. Kuuliza."

Jumamosi nilipanda kilima. Nilitaka kuzungumza haraka nikiwa bado mlangoni, lakini Mwalimu aliagiza chai, ikabidi nikae na kikombe mikononi. Nikamweleza viduara. Nikamweleza kwamba niliviona, kwamba sikujua maana yake na sikuuliza, kwamba nilivifuta kimoja kimoja, kwamba nilipomwambia zote ziko sawa nilikuwa sijui kama ziko sawa. Nikamwambia na habari ya disketi.

"Vilikuwa vinaonekanaje?" aliuliza hatimaye.

"Vya nukta nukta. Mahali ambapo alama haina herufi yake."

"Kwa hiyo mashine ilijua."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na ulipoviona hivyo viduara, mimi nilikuwa wapi?"

"Hapa."

"Hapa hapa. Kwenye kiti hiki." Aliweka kikombe chake chini kwa kupapasa meza. "Nimekuwa nikijiambia ni macho yangu. Na yule niliyemtukana mbele za watu, kumbe yeye alikuwa anasoma vizuri."

Hakusema amenisamehe, si siku ile wala nyingine. Alimwita mtumishi akamwambia ampigie simu rafiki yake, na nilimsikia akizungumza Kihindi kwa muda mrefu, sauti ya chini. Alipomaliza aliniambia nichukue karatasi.

Sikuweza kuandika Kihindi kwa kusikia, kwa hiyo niliandika kwa herufi zetu, kama ninavyoandika Kiswahili, silabi anayoitamka ndiyo ninayoiweka. Alinifanya nimsomee tena kila mstari, na nilipokosea alitafuta kidole changu kwa kalamu. Hatukuyapata maneno yote siku ile, wala Jumamosi zilizofuata. Zile za utani zilirudi kirahisi zaidi, rafiki yake alimkumbusha nyingine kwenye simu, na mjukuu, ambaye hajui kusoma Kihindi, aliweza kuzisoma karatasi zangu na kuzichapa upya. Za kuaga zilikuwa ngumu. Alikuwa anapata mwanzo, anapoteza katikati.

Wimbo mmoja aliuacha mpaka mwisho. Ulikuwa wa mama yake, alisema, mama yake pekee ndiye aliyekuwa nao, na aliuchapa pale shule ya jioni siku ambayo wanafunzi walikuwa wamekwenda likizo. Akaanza. Yalikuja maneno mawili. Baada ya hapo ikaja sauti tu, inapanda, inashuka, inarudi, mpaka mwisho wa wimbo, bila neno hata moja. Alimaliza akageuza uso upande niliokuwa nimekaa.

"Umeandika?" aliniuliza.